Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya kuhusu juisi ya karoti na losheni ya jua

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Ombi langu nalitanguliza: wizara yako itamke wazi, kwa waraka utakaobandikwa katika kila zahanati nchini, kwamba hakuna chakula, juisi wala unga wa majani unaoshika nafasi ya losheni ya kukinga jua kwa mtu mwenye ualbino. Na ikishatamka hivyo, losheni yenyewe iwepo.

Mimi ni mfamasia hapa Mwanza, na ni mjomba wa mtoto mwenye ualbino. Kwa muda sasa wazazi wa huku Kanda ya Ziwa wanauziwa "kinga ya jua ya kunywa": juisi ya karoti yenye tangawizi, unga wa mlonge, vidonge vya betakarotini (kemikali inayoipa karoti rangi yake), chai ya kijani. Matangazo yanazunguka WhatsApp yakiwa na picha za panya wa maabara na maneno "imethibitishwa na wanasayansi". Na si wachuuzi peke yao. Ipo zahanati, sitaitaja maana najua si hiyo tu, ambako mama alielekezwa ampe mwanawe karoti na mawese kwa wingi, eti losheni ikifika ataitwa.

Ugumu wa kubishana na wauzaji hawa ni kwamba hawakuzua kila kitu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Marekani wamekuwa wakiwanywesha panya chai ya kijani badala ya maji, kisha wanawamulika kwa taa za mionzi ya urujuanimno, ile mionzi ya jua inayounguza ngozi. Wanaokunywa chai huota vivimbe vichache kuliko wenzao. Polifenoli, kemikali za mmea zilizomo kwenye chai, hupunguza mwako wa ngozi na kuzisaidia seli kukarabati vinasaba vilivyoharibiwa na mionzi. Tena panya wanaotumika sana kwa kazi hiyo hawana manyoya wala rangi kwenye ngozi. Ni albino hasa. Mzazi aliyekwisha kusikia hilo, ukimwambia "achana na chai" anakuona wewe ndiye usiyesoma.

Kwa hiyo mimi huacha panya nikazungumzia watu. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Manchester, Uingereza: watu wazima 50 waligawanywa, wengine wakapewa katekini, yaani polifenoli za chai ya kijani, kwa kipimo kikubwa, wengine vidonge visivyo na dawa, kwa wiki 12. Ngozi zao zilipomulikwa, waliokula katekini hawakupata nafuu ya maana kuliko wenzao. Nyanya zilifanya vizuri kidogo. Huko Düsseldorf, Ujerumani, kikundi kidogo cha watu kilikula gramu 40 za nyanya ya kopo pamoja na mafuta ya zeituni kila siku kwa wiki 10, na wekundu wa ngozi baada ya kumulikwa ukapungua kwa asilimia 40 hivi. Hilo ni jambo la kufurahisha, lakini tulipime. Ukiligeuza punguzo hilo kuwa namba ya kinga (SPF) inayoandikwa kwenye losheni, hata 2 haifiki. Losheni ninayomshauri mzazi inaanzia 30. Halafu kilichopimwa pale ni wekundu. Saratani hujengeka kwa miaka mingi.

Waliopima saratani yenyewe ni Waaustralia, na kama kuna utafiti mmoja ningependa wasaidizi wako wauweke mezani, ni huo. Katika mji wa Nambour, jimbo la Queensland, kati ya 1992 na 1996, wakazi 1,621 waligawanywa kwa kura. Baadhi walipewa losheni ya kujipaka kila siku, baadhi waliachwa na mazoea yao. Papo hapo, nusu yao walimeza miligramu 30 za betakarotini kila siku na nusu wakameza vidonge visivyo na kitu. Karoti na losheni ziliwekwa kwenye uwanja mmoja, kwa watu wale wale, chini ya jua lile lile. Betakarotini haikuzuia saratani ya ngozi. Losheni ilipunguza vivimbe vya saratani ya skwamasi kwa asilimia 40 hivi, na hiyo ndiyo saratani inayowaua ndugu zetu wenye ualbino kuliko nyingine za ngozi. Walipofuatiliwa miaka 10 baada ya jaribio kwisha, kati ya waliopangiwa losheni, watu 11 walikuwa wamepata melanoma, aina hatari ya saratani ya ngozi. Kati ya waliobaki na mazoea yao, watu 22.

Sioni haja ya jaribio jingine ili tuandike waraka wa ukurasa mmoja.

Wapo watakaosema basi angalau karoti hazidhuru. Karoti ya sahani haidhuru, nakubali, na viazi lishe na mchicha mimi mwenyewe nawahimiza wazazi kwa ajili ya vitamini A. Kidonge ni habari nyingine. Finland walipowapa wanaume wavutaji sigara miligramu 20 za betakarotini kwa siku, matokeo ya 1994 yalionyesha saratani ya mapafu imeongezeka kwa asilimia 18 kati yao. Kemikali za mmea zikishatolewa kwenye chakula na kufungwa ndani ya kidonge, hazistahili tena kuuzwa kama mboga. Nyingine hulisaidia jua: maji ya ndimu yana furanokumarini, kemikali zinazoifanya ngozi iungue upesi juani; ukiyapaka ngozini ukatoka juani unaweza kuungua hadi malengelenge. Nimeona "losheni ya asili" yenye ndimu ikiuzwa kwa mama wa mtoto mwenye ualbino. Hapo, Mheshimiwa, nilishindwa kuwa mpole.

Watu wa Nambour, pamoja na weupe wao, wana melanini, rangi ya ngozi inayokinga jua. Mtoto mwenye ualbino wa Ukerewe hana, au anayo kidogo mno, na anatembea kwenda shule kwenye jua la karibu na ikweta, ambako kipimo cha mionzi ya urujuanimno saa sita mchana hupita 11 siku nyingi za mwaka, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiita cha kupindukia. Kama betakarotini haikufua dafu kule, kumwambia mama yake asubiri losheni huku akikamua karoti ni kumpotezea mtoto miaka ambayo ngozi haisahau.

Tuna pa kuanzia. Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, ilibuniwa losheni ya Kilisun mahsusi kwa watu wenye ualbino, ikatengenezwa hapa hapa na kugawiwa kwenye kliniki. Kenya, serikali inatoa losheni bure kupitia Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza losheni za kukinga jua katika orodha yake ya dawa muhimu. Naomba orodha yetu ya taifa iitambue losheni kama dawa, na Bohari ya Dawa iipeleke hadi zahanati ya kijiji kama inavyopeleka dawa za malaria. Ikibaki hospitali ya rufaa, atakayeipata ni mwenye nauli.

Naomba pia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala wakae pamoja wapige marufuku maneno "hukinga jua" na "huzuia saratani ya ngozi" kwenye lebo ya kitu chochote cha kula au kunywa. Siombi mlonge ufungiwe. Uuzwe kama mlonge. Fedha ambayo mzazi anaitoa kila wiki kwa juisi ya chupa ingemnunulia mtoto kofia pana na shati la mikono mirefu. Na hapo ningeomba umnong'oneze mwenzako wa Elimu, maana bado kuna walimu wanaomvua mtoto kofia darasani na paredi kwa kuwa "si sare".

Bajeti ya wizara yako ikiwasilishwa Dodoma, losheni iwe na kifungu chake chenye kiasi kinachosomeka, isizikwe ndani ya "vifaa saidizi". Waraka wa zahanati hauhitaji kusubiri bajeti. Tupo wafamasia tulio tayari kuuandika rasimu bila malipo, na kwenda kuusoma kwenye kliniki za mama na mtoto siku ya somo la lishe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mfamasia, Mwanza