Kuhusu sufuria yako na daftari letu la madeni

Mwanga, Kigoma
Jumapili, 8 Septemba 2024

Mpendwa Mama Salma,

Salamu nyingi sana kutoka kwangu na kwa wote wa huku. Sisi ni wazima, isipokuwa Bibi wa Ujiji ambaye miguu imemkataa tena. Hofu ni kwenu. Najua kwamba mwaka umepita bila mimi kukuandikia zaidi ya ujumbe wa Idi, na kwa kuwa sina udhuru wa maana, sitauleta. Nimeshika kalamu kwa sababu ya maneno aliyonifikishia Mama Zuwena aliposhuka kwenye treni Alhamisi, kwamba umesema ile sufuria yako kubwa niiuze na fedha nikutumie, kwa kuwa wewe na biashara ya chakula mmekwisha kuachana.

Sufuria sijaiuza. Mnunuzi alikuwapo, yule mpishi wa harusi wa Gungu. Alikuja akaigonga kitako kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji, akataja bei ya kuudhi, nami nikamwambia kuwa mwenye mali bado anafikiri. Hata hivyo si bei iliyonizuia. Kuna jambo ambalo ilinipasa kukueleza tangu zamani, na kila nilipotaka kulieleza kwa simu nilijikuta nikiuliza habari za mvua za huko kwenu Tabora.

Unakumbuka mgahawa wetu ulivyokuwa Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16, na siku iliyofuata Serikali ikafunga shule, nasi kabla ya juma kwisha tukawa tumewapoteza walimu na wanafunzi wote waliokuwa wakila kwetu mchana. Hapa kwetu hakuna aliyekuja kutufungia mlango. Masoko yaliendelea, mama lishe waliendelea, na watu hulitaja hilo kama bahati, nami nakubali kwa sehemu, kwa maana mtu aliyefungiwa hana hata nafasi ya kujaribu. Lakini tulifungua mlango kila alfajiri tukaweka ndoo ya koki na sabuni, tukapanga watu wawili wawili kwenye benchi la watu watano, na bado wateja wakabaki majumbani kwao. Kongo nayo ilikuwa imefunga mipaka yake kwa abiria mwezi huo huo, hivyo wale wafanyabiashara waliokuwa wakishuka bandari ya Kibirizi na njaa ya safari ya usiku wakatoweka. Malimao na tangawizi vikapanda bei kwa sababu kila nyumba ilikuwa ikipiga nyungu, na wewe ukasema kwamba Kigoma sasa watu wanajifukiza kwa limao na kula mgebuka mkavu. Nilicheka siku ile mpaka nikaunguza ugali, na ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu.

Ni wewe uliyefungua lile daftari. Mimi nilipinga, na sitaki usahau kwamba nilipinga kwa sauti kubwa. Nilisema kuwa mtu asiye na shilingi 2,500 leo hatakuwa nayo kesho, nawe ukajibu kwamba samaki aliyekwisha kupikwa hana kesho kabisa, bora aliwe kwa deni kuliko atupiwe paka. Ukaanza kuandika: walimu wa shule binafsi waliokuwa hawajalipwa mishahara, vijana wa bodaboda, makuli wa bandarini, yule mlinzi mwenye kofia, na wale watatu wa Kalemie, Kongo, waliokwama huku wasipate chombo cha kuwarudisha. Ulipoondoka Julai, ukiwa na mabegi mawili na uso ambao sikuthubutu kuutazama pale stesheni, ulikuwa umeandika watu 41, na jumla yao ilikuwa shilingi 890,000. Uliniambia nilichome hilo daftari. Ulisema kwamba ile ni sadaka, tusiihesabu tena.

Sikulichoma, Mama Salma, na wamelipa.

Hawakulipa wote, wala hawakulipa upesi. Walimu walianza baada ya shule kufunguliwa tarehe 29 Juni mwaka ule, lakini kidogo kidogo, elfu tatu leo, elfu mbili mwezi ujao, wakiona haya zaidi yangu. Mmoja wa bodaboda alilipa kwa kunibebea mihogo bure kwa miezi miwili. Aliyenishangaza ni yule mnene wa Kalemie aliyependa samaki kuhe. Alikuja mwaka 2021, siku yenye mvua, akasimama mlangoni bila kuagiza chakula, akatoa noti zilizokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, shilingi 15,000 kamili, kisha akaniomba nimwonyeshe jina lake. Nilikuwa nimelificha daftari chini ya gunia la mchele. Nilipolitoa, yeye mwenyewe alitafuta ukurasa kwa kidole, akaomba kalamu, akachora mstari juu ya jina lake taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuruka herufi. Ndipo akaketi na kuuliza kama kuna samaki. Kuhe hakuwapo siku hiyo, nikampa mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo, akala, akanawa, akalipa na huo pia.

Hadi mwisho wa mwaka jana walikuwa wamelipa shilingi 612,000. Fungu lako ni nusu yake, yaani 306,000. Hapo ndipo penye jambo langu, na nakuomba usome hadi mwisho kabla ya kumpigia simu Mama Zuwena.

Nilikuwa nimeliweka fungu lako mbali na fedha za biashara, kwenye laini ya simu ambayo hata mume wangu hakuijua. Halikuguswa hata mwaka 2022, wakati vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mafuta ya kula na ya magari, nasi tukawa tunayapima mawese kwa kijiko kana kwamba hayakamuliwi mkoani kwetu. Lakini mwaka huu ziwa lilifungwa. Bila shaka mlisikia huko: kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi mitatu bila uvuvi, kufuatana na makubaliano yetu na Burundi, Kongo na Zambia ya kuliacha ziwa lipumzike. Sina ugomvi na nia yake, maana sisi wenyewe tuliona jinsi dagaa walivyokuwa wakipungua na migebuka ikiletwa midogo kama penseli. Ila mgahawa wa Kigoma usio na samaki ni sawa na kinyozi asiye na wembe, na mimi nilikuwa na wasaidizi wawili wa kulipa na kodi ya chumba.

Nilichukua fungu lako lote. Wiki ya kwanza ya Mei nilikwenda Katonga nikanunua dagaa wakavu kabla bei haijaruka, magunia matatu, na iliyobaki nikanunulia maharage. Sikukuuliza. Nilijiambia kwamba ungekubali, kisha nikajiambia kwamba anayejua mwenzake angekubali huwa haogopi kumuuliza, na mimi niliogopa. Kwa kuwa chumba cha mgahawa kinavuja, dagaa nililala nao. Mume wangu alihamia sebuleni wiki ya pili, akisema kwamba hata ndotoni anavua. Miezi mitatu tulipika dagaa wa kitunguu, dagaa wa mawese, dagaa wa karanga, maharage, na nyama siku za Ijumaa, na wateja walinung'unika lakini walikuja. Tuliofungua kila siku mtaa huu tulikuwa wanne tu. Wengine walifunika majiko wakasubiri Agosti.

Ziwa lilipofunguliwa, ilibaki siku nne mwezi uwe mpevu, na unajua vizuri wavuvi wa taa wanapata nini katika mbalamwezi. Siku za mwanzo kwa hiyo zilikuwa za kelele nyingi na samaki wachache. Giza liliporudi mwishoni mwa mwezi, migebuka ikaletwa mikubwa kama tulivyoisahau, na juma lililopita niliuza hadi saa nane mchana nikakosa cha kuwapa watu wangu wa nyumbani. Fungu lako limerudi lote. Shilingi 306,000 zipo kwenye laini ile ile, na jana nilizihesabu mara mbili kabla ya kuthubutu kuandika barua hii. Najua kwamba kurudisha hakufuti kuchukua bila ruhusa. Hilo nakuachia wewe ulipime.

Sasa kila mtu hapa anasema biashara ya chakula imefufuka. Kutoka stesheni kupanda hadi huku Mwanga nimehesabu vibanda vitano vipya tangu Agosti, viti vya plastiki bado vina karatasi zake, na kila mwenye kibanda ananiambia kwamba korona ilitufundisha kuwa wastahimilivu. Mimi pia nina matumaini, tena makubwa kuliko wakati wowote tangu uondoke, lakini neno hilo la ustahimilivu linanikwaza kidogo kooni kama mwiba wa samaki. Mtoto wa Mzee Kassim aliyeko Uingereza alitusimulia kwamba Agosti 2020 Serikali ya kule ilikuwa ikilipa nusu ya bili ya mtu aliyekwenda kula mgahawani, kuanzia Jumatatu hadi Jumatano, isizidi pauni 10 kwa kichwa. Marekani nako mwaka 2021 walitenga dola bilioni 28.6 kwa ajili ya migahawa, na waombaji walikuwa wengi kiasi kwamba walio wengi hawakupata. Mzee Kassim alisikiliza, akauliza kama hiyo nusu ya bili ilihusu pia watu wa Ujiji. Sisi hatukulipiwa na mtu. Yule mwenye mitumbwi alinipa samaki asubuhi nikamlipa jioni, au Ijumaa, au alipokata tamaa. Mimi nikampa mwalimu sahani. Mwalimu akamsubiri mwenye shule. Kama mmoja tu katika mnyororo ule angegoma, leo nisingekuwa na pa kuandikia. Nikitazama vibanda vile vitano najiuliza ni nani kati yao anaye mtu wa kumkopesha samaki, maana viti hununuliwa.

Nimefika kwenye ombi, ambalo labda ulikwisha kulihisi. Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia kumi isiyo na riba, ambayo nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili mwaka jana na imefunguliwa tena kuanzia Julai mwaka huu. Kikundi cha wanawake kinatakiwa kiwe na watu wasiopungua watano. Tuko wanne: mimi, Mama Zuwena, Asha wa mihogo na yule mkwe wa Bibi wa Ujiji ambaye haongei lakini hesabu zake hazikosei. Tunataka chumba cha pili kilicho karibu na cha sasa, jiko kubwa la gesi ili tuachane na mkaa unaotuharibu macho, na jokofu la samaki ili mwakani ziwa likifungwa nisilale tena na magunia. Wa tano wengi wamejitaja. Sijamjibu hata mmoja. Mwanachama hana budi kuwa mkazi wa hapa, kwa hiyo sitaki kulifanya ombi hili lionekane dogo: nakuomba urudi Kigoma.

Najua utakalosema. Utasema ulikwisha kuanguka mara moja mbele ya watu na hutaki kuanguka tena penye macho yale yale. Lakini nakwambia kwamba wateja hawasemi uliondoka kwa kushindwa. Wanauliza, "Yule aliyekuwa akituandika yuko wapi?" Mlinzi mwenye kofia bado hajalipa, na kila akipita hapa anasema anakusubiri wewe, kwamba deni lake liko kwako na si kwangu. Nadhani ni ujanja wake. Hata hivyo nimeuacha ukurasa wake kama ulivyo.

Kama hutaki kurudi, sufuria ni yako na fedha ni zako, nami nitaituma sufuria kwa treni ikiwa imefungwa vizuri, kwa maana kuiuza kwa bei ya yule bwana wa harusi siwezi. Kama ni kurudi, chumba cha nyuma kina kitanda, na hakinuki tena, au mimi nimezoea.

Nijibu basi, hata kwa mistari michache. Karanga na asali zinakulipa huko, au unauza ili tu mikono isikae bure? Salma amemaliza chuo, na je, angependa ziwa au amekuwa mtu wa maembe kabisa? Goti lako linaendeleaje? Ulipomwambia Mama Zuwena kwamba mmeachana na biashara, ulikuwa umekasirika, ulikuwa umechoka, au ulitaka nisikie? Fedha nikutumie leo, au zikae hadi utakapoamua? Umeudhika nami kwa kiasi gani? Na sufuria, nimjibu nini huyu mtu wa Gungu, kwa kuwa amesema atapita tena Jumatano?

Wako,
Mama Rehema

Bibi wa Ujiji ameniita nikiwa nafunga bahasha. Anasema ukija umletee asali ya nyuki wadogo, ile ya mwisho ilikuwa na maji.