Mwanangu Baraka, kuhusu ule ubao wa nyekundu na bluu

Mwanangu Baraka,

Hatujambo huku nyumbani. Umeuliza, ukivuka kutoka Guangzhou kwenda kwenye kasino za Macau, uzisome vipi alama za ubao wa bakarati, ule mchezo wa karata wa kubashiri upande upi utashinda kati ya Benki na Mchezaji, ili ujue mfumo gani wa kuweka dau unalifaa kasha lililo mezani. Nakujibu kwa urefu, baba, maana hili ni jambo la fedha yako ya mzigo.

Kasha la kugawia hubeba pakiti nane, yaani karata 416. Mgawaji hufunua karata ya kwanza, hutupa idadi inayolingana na thamani yake, kisha mchezo huanza. Karata ya plastiki iliyochomekwa karibu na mwisho, kwa kawaida zikiwa zimebaki 14 hivi, ndiyo inayotangaza kwamba kasha limekwisha. Mkono mmoja, yaani mzunguko mmoja wa mchezo, hula karata zinazokaribia tano, kwa hiyo kasha moja hutoa mikono kama 80. Sare ni karibu 9.5 katika kila mikono 100. Ukiziondoa, unabaki na matokeo 72 hivi ya Benki au Mchezaji. Iweke akilini hiyo 72.

Sasa ubao. Ile wanayoiita Njia Kubwa ni kumbukumbu tu. Matokeo yakifanana yanashuka kwenye safu moja, yakibadilika safu mpya inaanza upande wa kulia. Nyekundu ni Benki, bluu ni Mchezaji, sare ni kistari cha kijani. Miraba ya kwenda chini ni sita; mfululizo ukizidi hapo hupinda kulia, na Wachina huuita mkia wa joka.

Chini yake kuna michoro mitatu midogo: Jicho Kubwa, Njia Ndogo na Njia ya Mende. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu rangi ni zilezile lakini maana ni nyingine. Nyekundu ya hapa inasema mpangilio umejirudia, bluu inasema umevunjika. Kwenye Jicho Kubwa, kila Njia Kubwa inapoanza safu mpya, unalinganisha urefu wa safu mbili zilizotangulia: zikiwa sawa unaandika nyekundu, zikitofautiana bluu. Safu ikiwa bado inashuka, tazama mraba wa jirani upande wa kushoto. Una alama? Nyekundu. Mtupu, ila wa juu yake una alama? Bluu. Yote miwili mitupu? Nyekundu tena. Njia Ndogo inafanya kazi hiyohiyo kwa kuruka safu moja, ya Mende kwa kuruka mbili.

Utaona kwamba michoro hiyo mitatu haina habari hata moja ambayo haimo kwenye Njia Kubwa. Inachukua alama zilezile na kuzipanga upya. Ila kwa kuwa michoro ni mingi, karibu kila wakati mmojawapo utaonekana umetulia, nyekundu juu ya nyekundu, na mtu atasema "leo Mende ndiye anayesema kweli". Baada ya mikono kumi atahamia Njia Ndogo. Mchoro unachaguliwa baada ya matokeo kutoka, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote ya ubao. Ukilielewa hili peke yake barua yangu imefika.

Chukua daftari la miraba na sarafu ya shilingi mia. Irushe mara 72, upande wowote utakaoamua uwe Benki, mradi usiubadilishe, na uchore Njia Kubwa. Kwa wastani utapata safu kama 36: 18 za alama moja, 9 za mbili, nne au tano za tatu, mbili za nne, moja ya tano, na moja ya sita au zaidi. Hiyo ya mwisho ndiyo joka ambalo watu huinuka vitini kulishangilia. Chora karatasi kadhaa za sarafu, uzichanganye na kumbukumbu za makasha halisi, kisha ujaribu kuzitenganisha.

Utaniambia karata si sarafu, kwa sababu iliyotoka hairudi. Ni kweli, na kuna waliolipima. Edward Thorp, mwanahisabati aliyeonyesha jinsi kuhesabu karata kunavyoweza kuishinda kasino kwenye mchezo mwingine wa karata, blackjack, aliichunguza pia bakarati akiwa na William Walden katika miaka ya 1960. Walikuta faida kwenye dau fulani za pembeni zilizokuwapo Nevada wakati huo, lakini si kwenye Benki na Mchezaji, ambako karata zilizotoka hubadilisha uwezekano kidogo mno. Basi fikiri: aliyehesabu kila karata hapati kitu cha maana, na ubao hauhesabu hata karata, unaandika nani kashinda tu.

Kuhusu bei ya kila dau. Benki, ukikatwa kamisheni ya 5 kwa 100, inakugharimu 1.06 kwa kila 100 unayoweka. Mchezaji 1.24. Meza zisizo na kamisheni, zinazolipa nusu Benki ikishinda kwa jumla ya pointi sita, ni 1.46. Jozi, yaani dau kwamba karata mbili za kwanza za upande fulani zitafanana, ni zaidi ya 10, na Sare inayolipa nane kwa moja ni zaidi ya 14. Hizo mbili za mwisho usiziguse.

Mfumo wa kudabo kila ukipoteza, Martingale, ndio utakaoshauriwa kwanza. Upige hesabu kwa Benki ukianza na 100. Ukipoteza mara tano umetoa 3,100. Dau la sita ni 3,200, likishinda linalipa 3,040 baada ya kamisheni. Umeshinda, na bado una pungufu ya 60. La saba ni 6,400. Ushindi wake unakuacha na pungufu ya 220. Wanaoufundisha hawakielezi kipengele hicho. Na ukipoteza mara saba umetoa 12,700, huku dau la juu la meza likiweza kukuzuia usiendelee. Kupoteza mara saba mfululizo ukiwa Benki hutokea mara moja katika majaribio 141 hivi.

Mfumo wa 1-3-2-6, yaani dau la kipande kimoja, kisha vitatu, viwili na sita, ni mpole zaidi, kwa kuwa unasonga hatua inayofuata ukishinda tu. Ukianguka hatua ya pili umepoteza vipande viwili, ya tatu umebaki na viwili, ya nne umetoka sare, na ukizipita zote una 12. Unabadilisha jinsi hasara inavyogawanyika. Bei ya kila dau inabaki ileile.

Kama ni lazima ukae mezani, weka Benki, dau moja lisilobadilika. Kwa 100 kwa mkono, kasha zima litakugharimu wastani wa 85, lakini kupanda au kushuka 800 hivi ni kawaida kabisa. Kwa hiyo beba 2,000 ya kasha hilo, isiyo ya mzigo wala ya nauli, kadi ya benki ibaki hotelini.

Kabla ya hapo nifanyie jambo moja. Kaa pembeni bila kuweka dau, na kila mkono uandike utabiri wako kabla karata hazijafunuliwa, pamoja na mchoro uliokuongoza. Usihesabu sare. Kwa Benki unahitaji kupatia zaidi ya 51.3 kati ya 100 ndipo uvuke kamisheni. Makasha kumi ni utabiri 720. Bahati tupu inaweza kukupa popote kati ya 333 na 387, hivyo 370 isikupandishe kichwa. Ukifikisha makasha kumi nipigie picha kurasa zote, zikiwamo ulizokosea, tuzihesabu pamoja kwenye simu Jumapili.

Mama yako