Barua kwa wenye matatu: punguzeni redio kabla ya kutunyamazisha sisi

Bamburi Mtambo,
Mombasa.
Jumatatu, baada ya adhuhuri

Kwa Meneja,
Kampuni ya matatu
(Jina la kampuni nimeliandika juu ya bahasha. Humu ndani naliacha, kwa sababu nakala ya barua hii nitawasomea majirani.)

Bwana Meneja,

MINT: REDIO ZA MAGARI YENU NA SIMU ZA ABIRIA

Salamu kwanza. Mimi ni yule mama aliyepiga simu afisini kwenu Ijumaa asubuhi. Nilijibiwa na kijana mwenye adabu zake kwamba malalamiko yangu yamepokelewa, na kwamba kampuni itabandika vibandiko ndani ya magari yote: "Abiria, tafadhali usiongee na simu kwa sauti ya juu." Nilimshukuru, tukaagana. Nilipoketi na kahawa yangu ndipo nikang'amua kwamba sikusikika hata kidogo. Mimi nimelalamikia redio, nyinyi mmenijibu kwa kuwafunga abiria midomo. Ndiyo maana leo naandika. Karatasi haimalizi salio katikati ya maneno.

Nianze na Alhamisi, maana kwenye simu niliipitia mbio.

Nilipanda gari lenu hapo Mtambo saa moja na nusu asubuhi, naelekea Mwembe Tayari. Ni lile lenye taa za buluu ndani na wufa, ile spika ya mdundo mzito, chini ya kiti cha nyuma. Nambari yake ya usajili nimeiambatisha kwenye karatasi ya pili. Nilikaa safu ya pili. Kando yangu alikaa msichana wa miaka kama ishirini na kitu, amevaa sare ya kazi, amejitengeneza vizuri. Redio ilikuwa imefunguliwa mpaka kioo cha dirisha kinatetemeka. Nikikiegemeza kiwiko nausikia wimbo kwenye mfupa. Tulipokuwa Bombolulu simu ya yule msichana ikawaka. Nasema ikawaka kwa sababu kama ililia hakuna aliyeisikia.

Akapokea. "Haloo? Kaka? Sema kwa nguvu, niko garini." Akasikiliza. "Nani? Baba? Baba kafanya nini?" Akaziba sikio la pili kwa kidole, akainama mpaka paji la uso likagusa kiti cha mbele. "Sikusikii! Hebu rudia!" Nikamwona anafumba macho, kama vile macho ndiyo yanayomzuia kusikia. Akauliza mara ya tatu, na mara hii kwa ukelele, kama mtu anayemwita nahodha aliye katikati ya maji: "Amekufa? Wasema baba amekufa?"

Gari zima likageuka kumtazama. Wimbo ukaendelea.

Bwana Meneja, nimefiwa na baba, na mama, na mume. Kila habari niliambiwa na mtu aliyenishika mkono kwanza, akanikalisha, akazungukazunguka mpaka mwenyewe nikajua kabla hajalitamka. Huyu mtoto aliambiwa mara tatu. Mara mbili za kwanza alimlazimisha nduguye alirudie neno ambalo kulitoa mara moja tu ni mzigo.

Nikamwambia utingo wenu, "Mwanangu, punguza redio, huyu mwenzetu amefiwa." Akanijibu, "Bimkubwa, hii ni matatu, si msikiti." Sitaki mumfukuze kazi. Nina yakini hakusikia neno "amefiwa". Alisikia "redio" peke yake, na hilo humtoka kila mtu mzima apandaye gari lenu, amelizoea. Wanaume wawili wa nyuma walipopaza sauti ndipo dereva akapunguza. Tukaenda kimya mpaka Kongowea. Hapo wakapanda abiria wanne wapya, na redio ikarudi ilipokuwa.

Msichana alishuka hapo hapo ili avuke barabara, apande gari la kurudi alikotoka. Mlangoni akadaiwa nauli. Hakuwa na akili hata ya kujua pochi iko mkono gani, kwa hivyo nilimlipia. Chenji yangu ya shilingi thelathini sikurudishiwa mpaka leo. Hiyo si mada ya barua, lakini mkiikumbuka sitaikataa.

Sasa nieleze kwa nini nakataa vibandiko vyenu. Hapa sisemi kama mzee anayechukia makelele ya vijana. Nasema kama mtu wa kazi hiyo. Mimi ni opereta wa simu mstaafu, wa enzi zile posta na simu zilipokuwa shirika moja, kabla ya kugawanywa mwaka 1999. Miaka ishirini na miwili nilikaa eksichenji, chombo masikioni, nikiwaunganisha watu. Amri ya kwanza tuliyopewa ilikuwa kwamba unachokisikia kwenye waya kinaishia kwenye waya. Nimesikia posa zikikataliwa na mali zikigombaniwa kati ya Mombasa na Kisumu, na marehemu mume wangu alizikwa bila kujua hata moja. Leo nimestaafu, na kwa safari moja ya asubuhi nasikia siri ambazo kazini zingenichukua mwezi. Na hakuna aliyeniapisha.

Wiki iliyopita tu, fundi mmoja alimhakikishia mteja wake, "Niko Mwembe Tayari, naingia sasa hivi," sisi tuko Bombolulu. Watu walicheka mpaka naye akacheka. Lakini siku iliyofuata mama mmoja alimsomea mwanawe nambari ya kitambulisho, kisha, Mola amhifadhi, nambari ya siri ya M-Pesa, tarakimu moja baada ya moja, kwa sauti ya kunadia samaki. Nilimgusa bega. Akadhani namwomba asogee, akasogea.

Huyo mama hakuwa mjinga. Alikuwa hasikiki. Simu za waya tulizofanyia kazi zilikuwa na jambo moja zuri: sauti yako mwenyewe ulikuwa ukiisikia ndani ya mkono wa simu, ukajua umeipaza kiasi gani. Simu ya mkononi hukurudishia kidogo mno. Juu ya hayo, binadamu akizungukwa na kelele hupandisha sauti bila kukusudia; daktari mmoja wa Ufaransa, Étienne Lombard, aliliandika jambo hilo mwaka 1911, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Sisi tulilijua bila kumjua yeye. Laini ikiwa na mikwaruzo, mwanafunzi mpya alikuwa akipiga kelele mpaka msimamizi anamfinya. Ilituchukua wiki kadhaa kujifunza kwamba laini mbaya haiongelewi kwa nguvu, huongelewa polepole, neno kwa neno. Wiki kadhaa za mazoezi, na tulikuwa tunalipwa. Nyinyi mnataka abiria ajifunze kwa kibandiko, huku spika iko nusu mita juu ya kichwa chake.

Kijana wenu aliniambia pia kwamba abiria wengi hulalamikia simu za wenzao kuliko muziki. Namwamini. Watu wawili wakiongea kando yako unaweza ukasinzia. Mtu mmoja akiongea na simu akili yako haitulii, kwa sababu unasikia nusu ya mazungumzo na nusu iliyobaki unajikuta unaitunga mwenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walilichunguza hilo, wakachapisha matokeo mwaka 2010: mazungumzo ya nusu huvuruga umakini kuliko mazungumzo kamili. Kwa hivyo sikatai, simu inakera. Na kuna ambao hawana udhuru wowote: wale wanaoiweka simu kwenye spika wakaishika mbele ya mdomo kama andazi, na wale wanaotazama video za vichekesho bila vile vya kupachika masikioni, video moja mara nne. Hao mkiwabandikia vibandiko kwenye paji la uso nitakuja kushika gundi.

Lakini msichana wa Alhamisi mngembandika wapi?

Fikirieni pia vijana wenu wenyewe. Mjukuu wangu alipima sauti kwa simu yake tukiwa ndani ya gari hilo hilo siku nyingine, ikasoma zaidi ya desibeli 90. Simu si kipimo cha maabara, lakini haidanganyi kwa mbali. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kuyahatarisha masikio yake. Ikifika 90, saa hizo zinashuka hadi nne. Nne kwa wiki nzima. Utingo wenu anayeanza kazi alfajiri anazimaliza Jumatatu kabla ya kunywa chai. Ndiyo maana kila abiria akimwambia "shukisha" yeye anauliza "wapi?" mara mbili, na watu wanapitishwa steji zao halafu ugomvi unaanza. Ana miaka ishirini na mitano labda. Akifika umri wangu ataongea na wajukuu zake kwa ishara.

Sheria mnaijua, sitaisomea hapa kama wakili. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, zinakataza kelele kubwa zisizo za lazima zinazowakera wengine au kuhatarisha utulivu, afya na usalama wao. Sikuona humo mahali palipoandikwa "isipokuwa kwenye matatu".

Na msiniambie mitambo haipunguki. Ramadhani mliweka kaswida asubuhi, na zilisikika kwa upole, watu wakasemezana na dereva akasikia kila aliyetaka kushuka. Mkikaribia askari wa barabarani pale mbele ya daraja la Nyali, muziki hushuka wenyewe kama maji kupwa, tukivuka unajaa tena. Kwa hivyo kidude cha kupunguzia sauti mnakijua kilipo, na mkono wa dereva unakifikia.

Najua mtasema gari lisilo na muziki halipati abiria. Huenda ni kweli. Mjukuu wangu huyo huyo huacha magari matatu yakapita akisubiri nganya, matatu iliyopambwa, aipendayo, na mimi mwenyewe mkiniwekea taarabu ya zamani sitashuka steji yangu. Siombi gari la kimya. Naomba kipimo ambacho hakihitaji mashine: watu wawili waliokaa kiti kimoja waweze kusemezana bila kupaza sauti. Wakiweza hao, anayepigiwa simu atasikia, na akisikia atashusha sauti mwenyewe, na sisi wengine hatutajua jina la mgonjwa wake wala nambari yake ya siri.

Ninayotaka kwenu ni haya. Spika iliyo juu ya safu ya pili na ya tatu iondolewe, muziki utoke mbele tu. Wufa ile ya chini ya kiti sijui mtafanya nayo nini, lakini anayekaa juu yake huwa ni mama mwenye mtoto, kwa sababu vijana wanajua kukikwepa kiti hicho. Utingo aambiwe kwamba abiria akiinua mkono na simu sikioni, redio inashuka mpaka amalize, bila maneno ya msikiti. Na kama vibandiko mmeshavichapisha na pesa zimekwenda, basi kimoja kibandikeni kwenye dashibodi, mbele ya dereva, palipo redio.

Yule utingo ningependa kuongea naye, si kumgombeza. Kuna namna ya kuita abiria na kutaja steji bila kukwaruza koo, tuliifundishwa kazini, na nikimwonyesha itamfaa. Mwambieni Alhamisi saa moja na nusu nitakuwa Mtambo kama kawaida, kitambaa cha kijani, upande wa kioski cha mahamri.

Jibu nalisubiri kwa maandishi kwa wiki mbili. Mkipiga simu nipigieni jioni nikiwa nyumbani. Asubuhi nitakuwa ndani ya gari lenu na sitasikia.

Wako mwaminifu,
Opereta mstaafu, abiria wenu wa kila Alhamisi

Nakala: bado sijaipeleka kokote.