Mwanangu, kwenye hiyo CV hatukuoni

Marahaba mwanangu. CV yako ya kuombea kazi ya malori baada ya kutoka jeshini nimeipata jana usiku, nimeisoma mara mbili na asubuhi nikampa baba yako naye aisome, yani tumekutafuta humo ndani hatukuoni. Ukurasa wa kwanza wote ni namba ya jeshi, kikosi, kozi za vifupisho, alafu kwenye kazi umeandika "nilitekeleza majukumu niliyopangiwa na wakuu wangu". Basi. Wewe uliyekuwa unatoa msafara wa malori usiku na yote yanarudi mazima!

Unajua mimi kipindi nipo ofisi ya yadi pale Kurasini maombi ya kazi yalikuwa yanapita kwangu kwanza. Mwenye malori hana muda, anataka kujua umeshika gari gani, tani ngapi, barabara zipi, ulikuwa na watu wangapi chini yako. Akikuta "Sajenti, MT", yani kitengo cha magari cha jeshi, hajui kama ulikuwa unaendesha au unafungua geti, anaweka pembeni anachukua nyingine, na wala sio roho mbaya.

Kwahiyo huo mstari ufute. Andika ulisimamia madereva, weka na idadi yao, ulipanga safari, ulikagua breki na matairi na oili kabla gari halijatoka, ulijaza logi buku ukalinganisha lita zilizotoka na kilomita zilizotembewa. Hilo la mafuta liweke juu kabisa baba, mana wizi wa dizeli ndo unawanyima usingizi watu wa malori na mtu aliyezoea kusainia kila lita wanamtafuta kwa tochi.

Congo usiifiche. Andika ulinzi wa amani chini ya Umoja wa Mataifa, mwaka, na kwamba kazi yako ilikuwa usafirishaji. Mizigo kibao ya bandari yetu inaenda Zambia na Congo, inapita Tunduma mpaka Kasumbalesa huko, sasa dereva aliyepita kwenye tope la Beni na anaelewana na Wakongo kwa Kiswahili chao hawezi kukosa wa kumwangalia. Ila mambo ya silaha, kikosi kizima mlikuwa wangapi, kambi iko wapi, hayo yasionekane hata neno moja. Ile Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haijaisha siku uliyovua gwanda, na bosi akiona unamwaga ya jeshini atajiuliza ya kwake utayapeleka wapi.

Kuhusu ufundi, najua injini unaifungua na kuifunga vizuri tu lakini cheti cha uraiani huna. Nenda VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, uulizie ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ni kwa watu waliojifunzia kazini, wanakupima kwa vitendo na ukifaulu wanakupa cheti. Leseni angalia daraja E, ile ya malori makubwa, haijaisha muda, na LATRA, wale wanaosimamia usafiri wa nchi kavu, nao siku hizi wanathibitisha madereva wa magari ya biashara, fanya kabisa usisubiri kuulizwa kwenye intavyuu.

Wadhamini umeweka maafisa watatu na wote wako kazini, mtu anapiga simu hazipokelewi. Bakiza mmoja, ongeza yule mkuu wako aliyestaafu na mtu mmoja wa uraiani anayekujua. Picha ya gwanda toa, piga nyingine na shati.

Baba yako anasema una wasiwasi kwamba unaanza na vijana wadogo kwenye mstari mmoja. Mimi sikubali hilo hata kidogo, miaka yote hiyo umebeba roho za watu kwenye gari, huyo mtoto aliyetoka chuo juzi amebeba nini? Ila usiponiandikia mimi hayo, yule wa yadi atayajulia wapi?

Nitumie tena kabla ya Ijumaa, kurasa mbili zisizidi, iwe PDF mana ile ya Word imefunguka imevurugika kwenye simu. Kuna rafiki yangu Vingunguti anapokea maombi mpaka mwisho wa mwezi, nataka niipeleke mwenyewe.

Mama yako