Anayetaka kuhamia botini London apime kwanza mwendo wa baiskeli

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie Waswahili wenzangu walioko Uingereza, pamoja na ndugu zao wa nyumbani wanaowashauri kwa simu, juu ya jambo linalozungumzwa sana lakini kwa upande mmoja tu. Kodi za nyumba London zimekuwa mzigo mkubwa kwa watu wa kipato cha kawaida. Vijana wetu wanaofanya kazi za kuhudumia wazee, za usafi na za maghala hupita kando ya mifereji ya jiji, wakaona boti zimefungwa safu kwa safu, moshi ukitoka kwenye bomba na maua yamepangwa juu ya paa, wakasikia kwamba boti kuukuu hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei ya chumba na sebule, na papo hapo wakaamini kwamba wamepata ufumbuzi. Mimi ninaishi katika boti ya aina hiyo na ninayapenda maisha haya kwa dhati. Ila kila anayenijia huuliza bei ya boti na ada ya leseni, wala haulizi atafikaje dukani, kwa daktari na kazini. Nasema kwa uhakika kwamba hilo la pili ndilo linaloamua kama mtu ataweza kuishi botini au atashindwa, na kwa wengi wetu jibu lake ni baiskeli.

Nianze na sheria, kwa kuwa ndiyo inayoleta umbali. Sheria ya mwaka 1995 inayohusu njia za maji inaruhusu mtu asiye na gati la kudumu kupewa leseni, kwa sharti kwamba boti yake itumike kusafiri kweli na isikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, isipokuwa kuwe na sababu ya msingi. Canal & River Trust, taasisi ambayo tangu mwaka 2012 inasimamia takriban kilomita 3,200 za mifereji na mito ya England na Wales, hufuatilia mwendo wa boti hizo, na haikubali mtu aende na kurudi kati ya vituo viwili vilivyo jirani. Gati la kudumu jijini ni adimu na ghali, ndiyo maana wengi wenye kipato kama changu wamo katika kundi la wanaohama. Matokeo yake ni kwamba duka lililokuwa hatua chache kutoka mlangoni leo, baada ya wiki mbili litakuwa kilomita tano nyuma yako, na baada ya mwezi halitakuwa duka lako tena. Kazi haihami. Shule ya mtoto haihami, wala daktari.

Boti yenyewe haiwezi kutumwa dukani. Mwendo wa juu unaoruhusiwa mferejini ni maili 4 kwa saa, yaani takriban kilomita 6.4, na kila upitapo boti zilizofungwa unatakiwa kupunguza zaidi ili usizitikise. Boti ya mita 17 au 18 haigeuki popote upendapo. Inabidi uiendeshe mpaka pale mfereji ulipopanuliwa makusudi kwa ajili ya kugeuzia, na njiani kuna malango ya maji, yaani vyumba vyenye milango vinavyopandisha na kushusha boti, ambavyo unapaswa kuvijaza na kuvimwaga kwa mkono kabla ya kupita. Mtu hafungui kamba zote hizo kwa ajili ya mkate na maziwa.

Bahati njema ni kwamba mifereji hii ilichimbwa pamoja na njia yake. Kabla ya injini, boti zilikokotwa na farasi, kwa hiyo karibu kila mahali kuna njia tambarare kandokando ya maji, isiyopitwa na magari. Regent's Canal, iliyokamilika mwaka 1820, inalikata jiji kutoka upande wa Paddington hadi Limehouse, na anayeifuata kwa baiskeli hupita Camden, Islington na Hackney huku akikwepa sehemu kubwa ya msongamano wa barabarani. Kuna mahali njia inakatika: handaki la Islington halina njia ndani yake, na mwendesha baiskeli hulazimika kupanda mitaani kisha kuteremka upande wa pili. Baiskeli yenyewe si mgeni huku. Katika zama za boti za mizigo zilizobeba makaa ya mawe, wakati familia nzima ilipoishi ndani ya chumba kidogo cha tezi, yaani nyuma ya boti, ilikuwa kawaida mmoja wao kutangulia kwa baiskeli kwenda kuandaa malango ya maji ili boti isipoteze muda. Mfereji wa Grand Union, kutoka London hadi Birmingham, una malango 166 katika kilomita zipatazo 220, na kila msomaji anaweza kukadiria kazi aliyokuwa nayo huyo mtangulizi.

Sasa nije kwenye soko, ambako ndiko kwenye uhai wa nyumba. Boti inapokuwa imefungwa Haggerston, mashariki mwa jiji, soko la Ridley Road kule Dalston liko dakika chache tu kwa baiskeli, na humo utapata ndizi mbichi, mihogo, viazi vikuu, bamia, pilipili na samaki. Inapokuwa upande wa magharibi, Grand Union hupita Southall, penye maduka mengi ya Wahindi, na huko ndiko ninakonunua mchele wa kilo 10 kwa mfuko mmoja, choroko, iliki, bizari, nazi, na kotimiri kwa fungu kubwa. Anayetegemea basi atabeba mifuko miwili mikononi, atashushwa barabara kuu, na kutoka hapo bado atakuwa na mwendo wa kutembea kwenye tope hadi aifikie boti yake. Mwenye baiskeli yenye keria imara na mifuko miwili ya pembeni hurudi na mchele wa mwezi na mboga za siku tatu, akafika hadi mlangoni. Wahenga wa pwani walisema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama ya boti hizi, yaani tumbo lake, ni finyu kweli kweli: ndani upana ni takriban mita mbili, stoo hakuna, na friji ni dogo kwa sababu umeme unatoka kwenye sola na betri. Kwa hiyo vitu vikavu hununuliwa kwa wingi, na vibichi hufuatwa mara kwa mara, mvua inyeshe isinyeshe.

Hapa nataka kuwaambia vijana wetu jambo lililo moyoni mwangu. Sisi tuliokulia Tanga tumewaona wachuuzi wa samaki wakitoka pwani na matenga nyuma ya baiskeli, na wauza mkaa wakipita na magunia marefu kuliko wao, yote yamekazwa kwa mikanda iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Elimu ile ni hazina. Kizito hukaa chini, karibu na ekseli; uzito hulinganishwa kulia na kushoto; wala haiachwi ncha ya kamba inayoning'inia ambayo spoku zinaweza kuidaka. Nayafuata hayo kila nitokapo sokoni, na mzigo wangu haulegei. Inanihuzunisha kumwona kijana aliyezaliwa katika mji wa baiskeli akifika Ulaya na kuona haya kuonekana juu yake, akidhani ni chombo cha mnyonge, ilhali mjini humu madaktari na mawakili huenda nayo kazini.

Ipo mizigo ambayo baiskeli isilazimishwe kubeba. Mtungi wa gesi ya kilo 13, ukijumlisha na chuma chake, uzito wake hukaribia mara mbili ya huo, na mfuko wa makaa ya mawe ya jiko la kupashia joto huwa na kilo 20 au 25. Wapo wachuuzi wa majini wanaopita na boti zao wakiuza makaa, gesi na dizeli, na mtu mwenye busara huandika ratiba yao na kununua kwao hata bei ikizidi kidogo ile ya dukani. Tangi la choo nalo lazima litajwe, kwa sababu wanaohamia hawaambiwi. Boti nyingi zina choo chenye tangi la kubebeka la lita zipatazo 20, ambalo linapaswa kumwagwa mahali maalumu palipotengwa, na mahali hapo pasipokuwa karibu, tela dogo la magurudumu mawili linalofungwa nyuma ya baiskeli huondoa taabu na aibu kwa pamoja. Tela hilo hilo, likisafishwa na kuwekewa sanduku jingine, hubeba nguo za kufua.

Kuhusu aina ya baiskeli, maoni yangu ni tofauti na ya majirani zangu wengi. Wao husifu baiskeli za kukunja, hasa za Brompton ambazo hutengenezwa London penyewe, kwa kuwa huingia chini ya ngazi ndani ya boti zisionekane na wezi, na zikikunjwa hukubaliwa ndani ya treni. Sifa hizo ni za kweli. Lakini magurudumu yake ni madogo, kwa kawaida inchi 16 tu, na njia ya kando ya mfereji ukitoka katikati ya jiji huwa na mizizi, mashimo na tope linalonata. Kwa mtu wa mizigo ninashauri baiskeli ya kawaida yenye fremu ya chuma, matairi mapana, madigadi kamili na keria iliyofungwa kwa skrubu, hata kama italala juu ya paa ikiwa imefungwa kwa mnyororo mnene. Wizi upo, tena mwingi. Usinunue baiskeli ambayo ukiibiwa hutaweza kununua nyingine, na usiiegemeze ukingoni usiku hata kwa dakika chache.

Wanaofikiria baiskeli ya umeme naomba wanisikilize kwa makini zaidi. Ni msaada mkubwa kwa mtu anayefanya kazi mbali au mwenye magoti mabovu. Hata hivyo kikosi cha zimamoto cha London kimekuwa kikionya juu ya moto unaosababishwa na betri za lithiamu za baiskeli hizo, hasa zile za bei nafuu zilizounganishwa kiholela na chaja zisizoendana nazo. Ndani ya chumba chembamba namna ile, chenye mlango omo na mwingine tezi, moto na moshi havimpi mtu nafasi ya kufikiri. Betri isichajiwe usiku watu wakiwa wamelala, wala isichajiwe katika njia ya kutokea. Mwenye watoto ndani asibishane na hili.

Kazini kwangu zamu ya asubuhi huanza saa moja, na kila boti inapohama mimi huipima upya safari siku moja kabla, kwa baiskeli, ili nijue niamke saa ngapi. Wazazi wanaolea watoto mferejini hufanya vivyo hivyo kwa shule, na nimewaona akina mama wakiwavuta watoto wawili ndani ya tela lenye turubai, mvua ikinyesha, wasichelewe hata mara moja. Kwa upande wa matibabu, wenzetu wengi hudhani asiye na anwani hapokelewi. Si kweli: huduma ya afya ya taifa imeeleza kwamba mtu hahitaji uthibitisho wa anwani ili aandikishwe kwa daktari. Ukishaandikishwa, mfuate huyo huyo kwa baiskeli muda wote utakaokuwa katika eneo ambalo unaweza kumfikia, maana historia yako ya ugonjwa iko kwake.

Majira ya baridi ndiyo kipimo. Mwezi Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi alasiri, na sehemu kubwa ya njia za mfereji hazina taa kabisa. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni lazima kisheria barabarani wakati wa giza, lakini kandokando ya maji ni suala la uhai, kwa sababu vigingi na kamba za boti zimo pale pale ukingoni, na chini ya daraja njia hupinda na kubana hadi watu wawili hawapishani. Wanaotembea kwa miguu ndio wenye haki ya kwanza ya kupita, na ninawaomba waendesha baiskeli wote, tunaoishi botini na wanaokatiza tu kwenda ofisini, wapunguze mwendo na kupiga kengele mapema. Milango yetu hufunguka moja kwa moja kwenye njia hiyo. Mtoto akitoka kumfuata paka, hana kibaraza cha kumkinga.

Basi anayefikiria kununua boti, kabla hajatoa hata senti ya arubuni, na aje mwezi wa Januari. Achague mahali ambapo boti ingeweza kuwa imefungwa, aazime baiskeli, na kwa wiki moja aende kazini na kurudi kutokea hapo, aende sokoni, abebe nguo za kufua na kilo 10 za mchele, usiku na mchana. Kisha wiki ya pili asogee kilomita nane mbele na kuanza upya. Vyama vyetu vya Waswahili vilivyoko London vinaweza kununua baiskeli mbili za jaribio hili, pamoja na taa, kufuli na tela, na kuziazimisha kwa zamu. Mimi niko tayari kumfundisha yeyote kufunga mzigo.

Msomaji wako,
Mzaliwa wa Tanga, mkazi wa mferejini, London