Keki ya Shira, na Hilo Jiko

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Maelekezo ya keki ya shira uliyoyaomba nimeyaandika humu, lakini kwanza habari ya jiko. Ungepangiwa kufundisha shule ya Pangani au Muheza nisingekuwa na la kusema. Umepangiwa Njombe, na unafika Juni, wakati wenyeji wa huko nao wanatembea na mablanketi mabegani. Nakujua. Utapika, utaona makaa bado mekundu, utasema ya nini yapotee bure, utaingiza jiko chumbani na kufunga mlango. Usiingize.

Juzi redio imetangaza tena. Kila mwaka baridi ikianza habari ni ileile: watu wamelala na jiko, asubuhi majirani wanavunja mlango. Baba yako akasema siku zao zilifika. Mimi nimefanya kazi wodini, siwezi kuishia hapo. Nimewapokea wale waliowahiwa, wanatapika, kichwa kinawapasuka, wengine unawauliza jina wanakutazama tu. Ile gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Moshi ukikupata utakohoa utoke nje, hii hukohoi. Inaishika damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni inavyoishika, kwa hiyo unavuta pumzi kama kawaida na mwili haupati kitu. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na usingizi, anadhani ni uchovu wa safari, analala. Na mkaa uliokolea, usiotoa moshi hata kidogo, ndio huohuo unaoua. Wengi wanadhani moshi ukiisha hatari nayo imekwisha.

Wala usinijibu kwamba hapa Tanga, Makorora, masika tukiingiza jiko kukausha sare zenu. Nilijua utasema. Nyumba hii kati ya ukuta na mabati paka anapita, na upepo wa bahari hauombi ruhusa. Kule watu wanaziba kila tundu kwa matambara ili baridi isiingie. Basi, usinitajie Makorora.

Haya, keki. Bibi yako hakupima kitu, alitia kwa jicho, kwa hiyo vipimo hivi ni vyangu. Semolina vikombe viwili, mtindi kikombe kimoja, sukari robo tatu ya kikombe, samli nusu kikombe, nazi kavu ya unga nusu kikombe, hamira ya unga, yaani baking powder, kijiko kimoja cha chai. Kijiko cha kusawazisha, si cha mlima. Huko mko karibu mita 2,000 juu ya bahari, keki inaumuka haraka kisha inabonyea katikati, basi hamira punguza kidogo, robo ya kijiko hivi. Yeyusha samli, ichanganye na semolina kavu mpaka kila chembe ipate mafuta, ndipo utie vingine. Acha nusu saa semolina ivimbe. Hapo ndipo unapoharibu wewe, hukai na kitu kikasubiri. Mchanganyiko ukiwa bado mwepesi wa kumiminika, keki itatoka ya chengachenga na utasema mama hakuniambia.

Shira: sukari kikombe kimoja na nusu, maji kikombe kimoja, iliki mbili tatu ulizozitwanga na maganda yake, na nusu ndimu. Ndimu usiiruke, ndiyo inayozuia sukari kugandiana tena ikaota chembechembe. Sukari ikishayeyuka acha kukoroga. Usitazame saa, kwa sababu huko maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, dakika za Tanga hazitakufaa. Chota kidogo na kijiko, ipoe, ibane kwa kidole gumba na cha shahada. Ikinatanata tu, epua. Ikivuta uzi umepitiliza, hiyo ni ya kaimati, itakaa juu ya keki kama gundi isizame. Keki ikitoka motoni ikate vipande ikiwa ndani ya sufuria, umwagie shira iliyopoa, keki yenyewe ingali ya moto. Utasikia inavyofyonza. Vyote viwili vikiwa vya moto keki inakuwa uji. Kisha iache, usiiguse mpaka ipoe kabisa.

Sasa moto. Bibi yako alioka kwa makaa juu na chini, machache chini, mengi juu ya mfuniko, na ndiyo maana keki yake ilikuwa na ule uso wa rangi ya hudhurungi. Wewe usioke hivyo. Kama una uwanja wenye nafasi na siku haina mvua, oka nje, nje kabisa, si barazani penye ukuta pande tatu. Mvua ikinyesha usiseme niliingize kidogo tu mpaka keki iive. Hamna kidogo. Makaa ya kwenye mfuniko nayo ni makaa, mwanangu, yanatoa gesi ileile.

Nimekuwekea hela ya mtungi mdogo wa gesi. Usiilie chipsi. Kwenye gesi tia mchanga mkavu sufuria kubwa, unene wa vidole viwili, ufunike, upashe moto dakika 10, kisha tumbukiza sufuria ndogo ya keki juu ya mchanga na kufunika tena. Moto mdogo, dakika 40 au zaidi kidogo, choma na kijiti kitoke kikavu. Juu itabaki nyeupe. Unaweza kuipindua kwenye kikaango cha moto kabla ya kutia shira, itapata rangi, ila ushike kwa mikono miwili. Bibi yako angeicheka keki nyeupe, na acha acheke. Hata kwa gesi fungua dirisha.

Jina lako lilipotoka nimewaambia mtaa mzima, hata muuza samaki ambaye hakuuliza. Lakini mtu aliyeajiriwa na serikali anaacha nguo kwenye kamba siku mbili? Mwalimu gani huyo? Wanafunzi watakuona. Nimezianua, nimezikunja, ziko begi jeusi pamoja na sweta mbili za mtumba. Ile ya kijani ina tundu kwapani, nimeishona kwa uzi wa bluu, wa kijani umeisha.

Basi likianza kupanda Kitonga usiangalie bondeni, utatapika. Makambako ukishuka kujinyoosha vaa sweta pale pale, usingoje Njombe mjini. Watu wa huko wanasalimiana kamwene, jifunze, usiingie ofisi ya mwalimu mkuu na mambo vipi yako. Parachichi kula, ni rahisi kule. Ulanzi, ile pombe yao, usionje, na usiniambie ni wa mianzi tu.

Usiku ukizidiwa na baridi chemsha maji, tia kwenye chupa ya plastiki ngumu, ifunge vizuri, izungushie khanga uweke miguuni. Soksi jozi mbili. Blanketi la pili utanunua huko huko, usinunue la kung'aa, halipashi joto. Jiko libaki nje hata kama majivu yamelifunika, makaa chini ya majivu yanaendelea. Na kama siku moja kichwa kikuume ukiwa ndani na mwenzako naye analalamika kichwa, msitafute panadol. Tokeni nje kwanza.

Chumba ulichopangiwa nitumie picha. Nataka kuona dirisha, na nataka kuona linafunguka, maana kuna mafundi wanapigilia misumari. Muulize mwenye nyumba jiko la kupikia ni la pamoja au kila mtu kivyake, na kama wenzako wanaingiza majiko ndani uwaambie. Watakuona mjuaji. Waambie tu mama yangu nesi.

Hapa hatujambo. Bati la chooni limeng'oka tena, fundi anataka 35,000, nimemwambia arudi mwezi ujao. Mdogo wako ameanza kuulizia kitanda chako kabla hujapanda basi. Baba yako dawa za presha anazihesabu kama hela ya mtu, anameza leo anaruka kesho, ukipiga simu mkemee wewe, mimi ameshanizoea. Anakusalimu. Nimempa kalamu aongeze neno hapa chini, amesema atakupigia, na salio lake tangu Ijumaa ni la kupokea tu.

Mama yako