Mjomba, siku moja nipe mimi

Mjomba wangu, shikamoo.

Binti yako ameniambia tiketi imeshakatwa, na kwamba huku Bavaria, kusini mwa Ujerumani, umeomba kitu kimoja tu: lile jumba jeupe lenye minara lililo kwenye kalenda ya ukutani kwenu. Linaitwa Neuschwanstein. Nitakupeleka, sikatai. Ila ujue kabisa kwamba msingi wake uliwekwa 1869, kwa amri ya mfalme kijana, Ludwig II, aliyependa kuishi kama watu wa hadithi. Kwa fundi mwashi aliyemaliza ujana wake akizitibu kuta za Mji Mkongwe kwa chokaa, hiyo ni nyumba ya juzi.

Siku moja nipe mimi. Tutapanda treni kutoka Munich, mwendo wa saa moja na nusu hivi, tushuke Regensburg, mji ulio kando ya mto Danube. Kutoka stesheni hadi mji wa kale ni mguu tu, na nitakupeleka moja kwa moja kwenye daraja.

Daraja la Mawe lilianza kujengwa 1135 na likakamilika 1146. Husimuliwa kwamba kiangazi cha mwaka ule wa kwanza kilikuwa kikavu sana, mto ukapungua, mafundi wakapata upenyo wa kushuka chini. Walizungushia boriti za mwaloni, wakalaza magogo ya mwaloni mtoni, juu yake wakasimamisha nguzo, wakapindisha matao 16. Urefu wake unapita mita 300. Kila nguzo imejengewa kisiwa kidogo kuizunguka ili maji yasiule msingi. Hapo ndipo utasimama muda mrefu, nakujua. Visiwa hivyo vimeubana mto, basi maji yanapita kwenye matao kwa hasira na kuzunguka kama chungu kinachotokota. Mabaharia wa zamani waliliogopa daraja hili, na haki yao. Kwa miaka karibu 800, aliyetaka kuvuka Danube hapa mjini kwa miguu yake hakuwa na daraja jingine. Leo magari yamekatazwa, tutapita kwa raha zetu.

Watakusimulia kwamba fundi wa daraja alishindana na fundi wa kanisa kuu, nani atamaliza mwanzo, akaomba msaada wa shetani kwa ahadi ya roho tatu za kwanza zitakazovuka. Daraja lilipoisha akatanguliza jogoo, kuku na mbwa. Ucheke, lakini usisahau kuhesabu: kanisa hilo, la Mtakatifu Petro, lilianza kujengwa kama miaka 130 baada ya daraja kwisha. Minara yake yenye mita 105 ilikamilika 1869, mwaka uleule jumba la kwenye kalenda yako lilipowekewa msingi.

Kanisa hilo nataka ulitazame kwa jicho la kazi. Wamechanganya mawe ya chokaa na mawe ya mchanga yenye rangi ya kijani, na haya ya kijani hayavumilii mvua na baridi kama yale mengine. Ndiyo maana kando yake kuna karakana ya serikali yenye waashi walioajiriwa kulikarabati kanisa hilo tu. Wakifika mwisho, mwanzo umeshaanza kuoza. Nadhani mtaelewana bila mkalimani.

Hatua chache kutoka hapo kuna lango la ngome ya Warumi, waliyoimaliza mwaka 179. Lilikuwa limemezwa na ukuta wa jengo la baadaye hadi lilipogunduliwa 1885. Ukiniuliza kwa nini vitu hivi vyote vimebaki, nitakwambia ni umaskini. Wafanyabiashara wa hapa walitajirika mno, wakashindana kujenga minara ya kukaa, kama ule Mnara wa Dhahabu ambao leo wanaishi wanafunzi. Kisha biashara ikahamia Nuremberg na Augsburg, fedha ya kubomoa na kujenga upya ikakosekana. Vita Kuu ya Pili nayo ilikipiga kiwanda cha ndege pembezoni, mji wa kale ukaponea chupuchupu. Tarehe 23 Aprili 1945 jeshi la Wajerumani wenyewe lililipua sehemu ya daraja kuwazuia Wamarekani. Siku hiyohiyo wananchi, wengi wao wanawake, walikusanyika kuomba mji usalimishwe bila vita. Mhubiri wa kanisa kuu, Johann Maier, alipanda kusema nao, akakamatwa na kunyongwa usiku ule. Mji ulisalimishwa siku chache baadaye bila vita. Daraja lilisubiri hadi 1967 kutengenezwa sawasawa.

Kuna mawe mengine ambayo sitakuonyesha kwa furaha. Februari 1519, mara baada ya kufa Maximilian, kaisari wa Dola Takatifu ya Kirumi iliyotawala nchi za Wajerumani, mji uliwafukuza Wayahudi wake, ukabomoa mtaa wao na sinagogi, na mawe ya makaburi yao yakatiwa kwenye kuta za nyumba kama nyara. Mengine bado yapo, maandishi yake yakitazama njia. Penye sinagogi, msanii Dani Karavan ameuchora msingi wake kwa mawe meupe, na watu huketi juu yake wakila aiskrimu. Mimi bado sijaamua kama napenda hivyo. Sinagogi jipya lilifunguliwa 2019, miaka 500 baada ya lile kubomolewa.

Kumbi ambamo bunge la dola hiyo ya makaisari lilikaa tangu 1663 hadi 1806 tutazipita haraka. Ni viti na mazulia.

Chakula: chini ya daraja kuna kibanda mashuhuri cha soseji, moshi wake utakuita. Usiitike, ni nguruwe. Tutakula kwa Waturuki. Njiani usiache kutazama alama za mafuriko kwenye ukuta wa kibanda hicho.

Chukua viatu vya soli nene, njia ni za mawe na goti lako nalijua. Tiketi ya treni iitwayo Tiketi ya Bavaria inatosha watu watano kwa siku nzima, ila siku za kazi haitumiki kabla ya saa tatu asubuhi, kwa hiyo alfajiri yako utaswali na kulala tena. Mwambie shangazi kuna nafasi yake.

Mpwa wako, Munich